Bunduki Ndogo na Ngome ya Chetambe

Msomaji, bunduki ndogo ya .22 asili yake ni mchezo. Mnamo mwaka 1845 Mfaransa Flobert alibuni risasi ndogo ambayo kiwashio chake kimo katika ukingo wa kitako, ili watu walenge shabaha hata ukumbini. Risasi zake ni rahisi, mlio wake mdogo, wala haipigi bega. Ndiyo sababu haijachosha watu. Walowezi waliopewa mashamba ya Kitale baada ya vita vya 1914–1918 waliweza kujifurahisha nayo.

Bungoma, jirani tu, habari ilikuwa nyingine. Wabukusu walipata bunduki kwa wafanyabiashara wa pwani na kwa askari waliotoroka. Serikali ilipotuma Wasudani kuzidai, askari hao wakauawa. Vita vikazuka mwaka 1895. Ngome ya Chetambe, karibu na Webuye, ikapigwa kwa Maxim. Watu wengi wakafa, ng'ombe wakatekwa.