Argal: historia ya kielezi kimoja cha hoja

Kielezi argal cha Kiingereza chatokana na ergo ya Kilatini, yaani "kwa hiyo", neno ambalo wasomi wa Ulaya walizoea kufungia hoja zao. Argal ni ergo iliyoharibika matamshi. William Shakespeare aliitia kinywani mwa mchimba kaburi katika tamthilia ya Hamlet, iliyoandikwa mnamo mwaka 1600. Mchimba kaburi huyo anajadili iwapo Ophelia, aliyekufa maji, astahili mazishi ya Kikristo. Anagawa tendo katika matawi matatu, ambayo kwa hakika ni moja tu, kisha anatamka argal na kukata shauri. Watazamaji hucheka.

Hata hivyo, mgawanyo wa namna hiyo ulikwisha kusikika mahakamani. Mwaka 1554 Sir James Hales, aliyekuwa jaji, alijizamisha mtoni karibu na Canterbury. Kwa sheria ya Uingereza ya zama zile, kujiua kulikuwa jinai, na mali ya mwenye kujiua ilitwaliwa na Taji. Ardhi aliyoikodi pamoja na mkewe, Margaret, akapewa Cyriack Petit. Mjane akashtaki. Swali likawa hili: kosa lilitimia lini? Ikiwa lilitimia baada ya kifo, basi ardhi ilikwisha kuwa ya mjane. Upande wa Petit ukagawa tendo katika sehemu tatu: kuwaza, kuazimia na kutimiza. Mahakama ikaamua kwamba kosa lilitendwa marehemu angali hai. Kwa hiyo haki ya Taji ilitangulia. Mjane akashindwa. Edmund Plowden alichapisha habari za kesi hiyo mwaka 1571, na wataalamu wengi huona kwamba mzaha wa Shakespeare waielekea.

Baadaye argal ilipata pia maana ya hoja hafifu yenyewe. Lakini kasoro ya mchimba kaburi si matamshi. Kielezi cha namna hii hudai tu kwamba hitimisho latokana na yaliyotangulia. Hakithibitishi dai hilo. Wanasheria walisema kwa ufasaha, naye kwa makosa, na hoja zote mbili zahitaji kupimwa kwa kipimo kile kile. Sheria ya kutwaa mali ya waliojiua ilifutwa Uingereza mwaka 1870, karne tatu baada ya Margaret Hales kupoteza ardhi yake.