Unakaa wapi, na tangu lini? Kuandikishwa kwa wageni katika pwani yetu

Tarehe 18 Agosti 2024, mjini Uvira, Kanisa liliwatangaza kuwa wenye heri watu wanne waliouawa siku moja, tarehe 28 Novemba 1964: Bruda Vittorio Faccin na Padri Luigi Carrara huko Baraka, kisha Padri Giovanni Didonè na Padri Albert Joubert huko Fizi. Faccin, Carrara na Didonè walikuwa Waitalia. Joubert alizaliwa katika pwani ya ziwa hili hili, baba yake Mfaransa na mama yake Mwafrika. Kwa lugha ya serikali, Waitalia wale walikuwa wageni wakaaji. Kuhusu Joubert, karani angeshika kalamu na kusita.

Vijana wapendwa, naanzia kwa mashahidi wetu kwa sababu swali ambalo karani humwuliza mgeni, yaani unakaa wapi na tangu lini, lina historia ndefu hapa kwetu, na historia hiyo imegharimu maisha ya watu. Kwa nje swali ni jepesi. Karibu kila nchi humtaka mgeni anayeishi humo aonyeshe hati yake kila baada ya muda fulani, na aseme anapohama nyumba. Mkimbizi wa Burundi anayepanga chumba Kasenga au Mulongwe anajua jambo hilo: hati ina tarehe ya mwisho, na tarehe ikipita, kizuizi cha kwanza cha barabarani humgeuza mkosaji. Sheria ya namna hiyo si ovu kwa yenyewe. Lakini wazee wetu walilijua swali hili kabla halijawa la wageni, maana wao ndio walioulizwa kwanza, tena katika nchi yao wenyewe.

Wakati wa utawala wa Wabelgiji, sheria ya mwaka 1910 kuhusu maeneo ya machifu ilimfunga kila mwenyeji katika eneo la chifu wake. Sheria ya tarehe 5 Desemba 1933 ikakaza fundo hilo: aliyetaka kukaa nje ya eneo lake kwa zaidi ya siku thelathini alipaswa kuwa na hati ya kuhama, iliyotolewa na utawala. Kila mwanamume mzima alikuwa na kijitabu cha utambulisho, ambamo kodi aliyolipa iliandikwa. Kusudi halikufichwa sana. Utawala ulitaka kujua kodi itatoka kwa nani, nani atalima pamba ya lazima katika bonde la Ruzizi, nani atapelekwa kazini na nani amekimbia. Mvira aliyehama bila hati alihesabiwa mkosaji kama vile amevuka mpaka wa nchi ngeni. Ni vema tukumbuke jambo hili kila tunaposikia mtu akisema kwamba hati ni kwa ajili ya wageni tu.

Jambo la pili ni la ajabu zaidi, nami naliona kuwa kiini cha habari yote. Tangu mwaka 1925 Ruanda-Urundi iliunganishwa kiutawala na Kongo ya Wabelgiji. Ruzizi ulikuwa mto wa kuvuka, na pande zote mbili zilikuwa na mtawala mmoja. Watu wa Uvira walikwenda Usumbura kutafuta kazi, wakajenga na kuoa huko, hasa katika mtaa wa Buyenzi. Watu wa ng'ambo nao walikuja huku. Kisha Kongo ikapata uhuru tarehe 30 Juni 1960, na Burundi tarehe 1 Julai 1962. Mtu aliyekuwa amelala nyumbani kwake, bila kusogea hatua moja, aliamka akiwa mgeni. Mpaka ndio uliomhamia yeye. Kuanzia hapo, kila upande wa mto, swali la 'tangu lini' likawa zito kuliko la 'wapi'.

Uzito huo unaonekana katika sheria za uraia. Sheria ya tarehe 5 Januari 1972 iliwapa uraia wa Zaire watu wenye asili ya Ruanda-Urundi waliokuwa wamekaa Kivu tangu kabla ya tarehe 1 Januari 1950. Kwa hiyo karatasi iliyothibitisha makao ya mwaka 1949 ilikuwa na thamani kuliko ng'ombe. Haikupita miaka kumi, sheria ya tarehe 29 Juni 1981 ikaifuta ile ya kwanza, ikadai mtu aonyeshe kwamba wazazi wake wa kale walikuwamo nchini tarehe 1 Agosti 1885. Ni mzee gani wa pwani hii, wa kabila lolote, angeweza kuonyesha hati ya mwaka 1885? Wakati huo hapakuwa na karani wa kuiandika. Sheria ya tarehe 12 Novemba 2004 ilirudi kwenye siku ya uhuru wa mwaka 1960 kuwa kipimo, lakini kati ya sheria hizo mbili damu ilikuwa imekwisha kumwagika. Vita vya mwaka 1996 vilianzia katika eneo letu, na swali la nani mgeni na nani mwenyeji lilikuwa miongoni mwa kuni zilizouwasha moto huo.

Nasi wenyewe je? Hesabu ya mwisho ya raia wote wa nchi hii ilifanyika mwaka 1984. Kwa miaka mingi kitambulisho cha wengi wetu kimekuwa kadi ya mpiga kura. Tunamdai jirani karatasi ambayo mara nyingi sisi pia hatuna.

Wakimbizi wa Burundi walikuja kwa mawimbi: mwaka 1972, kisha baada ya kuuawa kwa Rais Ndadaye mnamo Oktoba 1993, kisha tena tangu mwaka 2015, kambi ya Lusenda katika Fizi ilipojaa. Hao wa mwisho walikuta nchi ina sheria ya wakimbizi ya mwaka 2002 na Tume ya Taifa ya Wakimbizi, ambayo pamoja na HCR huandika majina na alama za vidole. Kwa wengi wao kuandikwa kulikuwa ngao. Aliyeandikwa alipata chakula, matibabu na shule kwa watoto, na jina lake kwenye orodha lilikuwa kinga dhidi ya kurudishwa kwa nguvu alikokimbia.

Lakini walikuwako waliokataa. Huko Kamanyola, kaskazini mwa bonde la Ruzizi, lilikaa kundi la Warundi zaidi ya elfu mbili, wafuasi wa Eusebia Ngendakumana, aitwaye Zebiya, mwanamke aliyedai kutokewa na Bikira Maria huko Businde, mkoani Kayanza. Kanisa halikuyakubali madai hayo. Mwaka 2013 polisi wa Burundi walikuwa wamewafyatulia risasi waumini waliokwenda Businde, na baadhi wakafa. Katika ukimbizi watu hawa walikataa kutiwa katika mashine za alama za vidole, wakisema imani yao haiwaruhusu. Tarehe 15 Septemba 2017, baada ya wenzao kadhaa kukamatwa, waliandamana wakitaka waachiliwe; askari wakafyatua risasi, na zaidi ya watu thelathini wakafa. Mnamo Machi 2018 wengi walivuka kwenda Rwanda. Huko pia wakatakiwa kuandikishwa, wakakataa, na mwezi wa nne zaidi ya 1,500 wakarudishwa Burundi, nchi ile ile waliyoikimbia.

Ni rahisi kuwacheka, au kusema walijitakia. Mimi siwezi. Naamini walikosea kuhusu maono, na kukataa hati kuliwaponza wao na watoto wao. Lakini hofu yao haikutoka hewani: walikuwa wamekwisha kuona mkono wa serikali ukiwafuata hadi mahali pa sala. Anayejua kwamba orodha inaweza kusomwa na anayemtafuta ili amdhuru, huiogopa orodha.

Watu wetu nao wameulizwa swali hilo ugenini. Tangu mwaka 1996 maelfu ya watu wa Uvira na Fizi wameishi katika kambi ya Nyarugusu, Tanzania, ambako kutoka nje ya kambi kunahitaji kibali. Kijana wa Fizi akajikuta katika hali inayofanana na ile ya babu yake mwaka 1933. Wengine wamepelekwa Marekani. Huko mgeni anayehama nyumba hupaswa kuiarifu serikali anwani yake mpya ndani ya siku kumi. Zamani ilikuwa zaidi ya hapo: kila mwezi wa Januari wageni wote walijaza kadi ya anwani, hata kama hawakuhama, hadi desturi hiyo ilipokomeshwa mwaka 1981. Mama aliyetoka Baraka hana budi kuikumbuka anwani ya nyumba ambayo bado hajui kuitamka.

Mwinjili Luka anatuambia kwamba Yosefu alikwenda Bethlehemu kwa sababu ya amri ya Kaisari ya kuandikisha watu. Alitii, na mtoto akazaliwa katika safari hiyo. Matayo anatuambia kwamba baadaye mtoto huyo alichukuliwa usiku kwenda Misri. Safari ya kwanza ilifanywa ili jina liandikwe, ya pili ili lisipatikane. Familia ile ile ilihitaji mambo yote mawili.

Kanisa nalo lina sheria yake ya makao. Kanuni ya 102 inasema mtu hupata makao akikaa mahali kwa nia ya kubaki, au akiwa amekaa hapo miaka mitano kamili. Miezi mitatu humpa makao ya muda. Haidai kabila, wala mwaka 1885. Kanuni ya 107 inaongeza habari ya mtu asiye na makao popote: paroko wake ni yule wa mahali anapokuwapo kwa wakati huo. Mrundi aliyevuka jana Kavimvira, ambaye hakuna ofisi iliyokwisha kumwandika, tayari ana paroko, na paroko huyo ana wajibu juu yake tangu usiku wa kwanza.