Mfinyanzi Aliyekwenda Mbali

Katika jubilei yetu twawakumbuka waliotuletea kalamu na kitabu. Lakini imetupasa kuzikumbuka pia kazi za mikono, tulizozidharau tulipokwisha kujua kusoma. Kwa ajili hiyo nawapa habari za Magdalene Odundo.

Mama huyu alizaliwa Nairobi mwaka 1950. Mwaka 1971 alihamia Uingereza, akajifunza sanaa mjini Cambridge, kisha katika chuo cha Farnham, kufinyanga pamoja na kuchapa picha. Kutoka huko alisafiri mpaka Nigeria, katika mji wa Abuja ya zamani, ambao sasa huitwa Suleja. Hapo alijifunza kwa wanawake wa Kigwari, ambao huujenga mtungi kwa mikono yao, wala hawatumii gurudumu. Njia hiyo ndiyo aliyoishika.

Mwaka 1982 alimaliza masomo ya juu katika Chuo cha Kifalme cha Sanaa, London. Vyombo vyake huvisugua mpaka ving'ae, kisha huvichoma. Moto wenye hewa tele huvifanya vyekundu. Moto ulionyimwa hewa huvifanya vyeusi. Navyo si vya kuchotea maji, bali ni sanamu, zenye shingo na tumbo mfano wa mwili wa mtu. Baadhi yake zimewekwa katika Makumbusho ya Uingereza. Mwaka 2020 alipewa cheo kikuu cha heshima, yaani Dame.

Basi, walimu wenzangu, tutafakari. Mtu huyu aliyesoma Ulaya hakuona haya kuwa mwanafunzi wa akina mama wa kijijini. Nasi katika Uluguru, je? Mimi mwenyewe nakiri kosa langu. Katika kigango chetu palikuwa na mtungi wa maji ya ubatizo, kazi ya bibi mmoja wa hapo. Nikauondoa, nikaweka ndoo ya plastiki, nikidhani ndiyo maendeleo. Jumapili bibi yule aliiona ndoo, wala hakusema neno. Sasa amefariki, na hakuna aliyejifunza kazi kwake.

Lakini wangali wako wafinyanzi wengine milimani. Tuwapeleke watoto wa shule kwao, wakajifunze kuchagua udongo, kuukanda na kuuchoma. Maana Mwenyezi Mungu mwenyewe, alipomwumba Adamu, alishika udongo.