Kutoka Kigwa hadi Gulu: Jeshi, Waasi na Raia

Kigwa, mashariki ya Tabora, ilijulikana zamani kwa misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe. Uvamizi wa Septemba 1972 dhidi ya Idi Amin uliposhindwa, Kigwa ikawa makao ya askari wa Uganda waliomfuata Milton Obote uhamishoni. Mwaka 1979 wengi wao walirudi kwao pamoja na jeshi la Tanzania, wakawa uti wa mgongo wa jeshi jipya, UNLA.

Februari 1981 Yoweri Museveni alianzisha vita vya msituni, na jeshi lake, NRA, likapata ngome Luwero. Wanavijiji waliwapa waasi chakula na habari. Ili kuukata uhusiano huo, mwaka 1983 UNLA iliwahamisha wanavijiji na kuwakusanya makambini, kama Waingereza walivyofanya Kenya wakati wa Mau Mau. Raia wengi waliangamia, na uchungu wao ukawapatia waasi wapiganaji zaidi.

Januari 1986 NRA ilitwaa Kampala na kuunda serikali. Kabla ya mwaka kwisha, waliokuwa askari wa UNLA waliasi huko kaskazini. Sasa aliyewahi kuwindwa msituni akawa mwindaji. Je, alijifunza nini?

Kwanza alijifunza kupatana. Tarehe 3 Juni 1988, huko Pece, Gulu, serikali ilitia sahihi mapatano na waasi wa UPDA, na wapiganaji wao wengi wakaingizwa jeshini. Lakini yafaa tukumbuke pia upande wa pili. Mwaka 1990 NRA iliwakusanya watu wa Teso makambini. Mwaka 1991 iliwahimiza Waacholi wajilinde kwa pinde na mikuki. Joseph Kony akawalipiza kisasi kwa kuwakata midomo na masikio. Tangu 1996 Waacholi nao walihamishiwa makambini, wakateswa na njaa na maradhi.

Viongozi wa dini wa Acholi, Wakristo na Waislamu, walidai msamaha badala ya mtutu. Sheria ya Msamaha ikapitishwa mwaka 2000, na waasi zaidi ya 20,000 kutoka makundi mbalimbali wakaipokea.

Hivyo, mwanafunzi wa historia hana budi kutambua kwamba kambi humnyima mwasi chakula, lakini huinyima serikali imani ya watu, ambayo ndiyo iliyoipa NRA ushindi. Mchungaji akiombwa kuwashawishi waumini wahame, na aulize kwanza: watarudi lini, na nani atawalisha?