Madaraja ya Wine yasisomwe bila tarehe

Wine, iliyoanzishwa mwaka wa 1993, huwezesha programu zilizoundiwa Windows kutumika kwenye tarakilishi zenye Linux. Watumiaji huzijaribu programu hizo kwa hiari, kisha huzipanga katika madaraja matano: platinamu, dhahabu, fedha, shaba na takataka.

Hata hivyo, kila daraja ni ushahidi wa mtu mmoja kuhusu tarakilishi yake. Programu yenye platinamu, yaani iliyofanya kazi barabara bila marekebisho, huenda ikakwama katika toleo jingine la Wine au kwa kadi tofauti ya picha. Vilevile, aliyeandika ukurasa mmoja tu huenda asigundue kuwa programu haichapishi.

Kwa hivyo, anayenuia kuhamia Linux achunguze toleo la Wine lililotumika, tarehe ya jaribio, yaliyofaulu na yaliyoshindikana. Ripoti kadhaa za karibuni zinazoafikiana zina uzito kuliko platinamu moja ya kale. Muhimu zaidi, ajaribu mwenyewe kabla ya kuifuta Windows, asije akashindwa kuzifungua hesabu za biashara yake.