Siti ya ngozi ilikuwa ya dereva, bosi alikalia kitambaa

Fungua ukurasa wa staa yeyote wa Bongo aliyevuta ndinga mpya. Picha ya kwanza gari kwa nje, ya pili funguo mkononi, ya tatu lazima iwe ya ndani: siti za ngozi, nyeupe ya maziwa au nyekundu, zimeshonwa vimiraba. Injini haitajwi kabisa. Siti ndiyo habari, na kila anayeona anaelewa kwamba aliyekaa pale katusua.

Kinachochekesha ni kwamba miaka 100 hivi iliyopita picha hiyo ingesomeka kinyume. Magari ya matajiri wa Ulaya na Marekani mwanzoni mwa karne ya 20 yalikuwa na sehemu mbili. Mbele alikaa dereva, mara nyingi bila paa, mvua yake na vumbi lake. Kwake waliweka ngozi kwa sababu inavumilia maji na inafutika. Nyuma, ndani ya vioo, alikaa mwenye gari juu ya kitambaa cha sufu laini. Ngozi ilikuwa vazi la kazi, kama aproni ya mhunzi. Wajapani hawajasahau hilo hadi leo: Toyota Century Royal, gari lililotengenezwa mwaka 2006 kwa ajili ya mfalme wao, lina sufu kule nyuma anakokaa mfalme, na ngozi mbele kwa dereva.

Magari ya kufunikwa yalipoenea kuanzia miaka ya 1920, ngozi ikakosa kazi yake ya zamani. Magari ya watu wa kawaida yakapata kitambaa, baadaye plastiki. Ngozi ikabaki kwenye magari ya bei mbaya, na hapo ndipo ilipoanza kunukia pesa.

Dar es Salaam iliikuta habari hii katikati. Neno lenyewe "reksini", ambalo kila fundi makochi analijua, ni jina la kampuni: Rexine ya Uingereza, jirani na Manchester, iliyokuwa inapaka kitambaa dawa mpaka kikafanana na ngozi. Kampuni watu wameisahau, jina limebaki madukani Kariakoo na linauzwa kwa mita.

Kisha wakaja Wabenzi. Baada ya uhuru, waliopandishwa vyeo kushika nafasi za wazungu waliitwa manaizesheni, na wale waliofika juu zaidi wakatajwa kwa gari lao. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwakataza viongozi kuwa na mishahara miwili, hisa kwenye makampuni na nyumba za kupangisha. Siti halikuzigusa. Lakini hapa kuna siri ambayo wengi wa waliokuwa wanawaonea gere hawakuijua: Mercedes nyingi za zama hizo zilitoka kiwandani na MB-Tex, yaani plastiki iliyotengenezwa ionekane ngozi. Imara kuliko ngozi nyingi, ni kweli, lakini plastiki. Mtaa mzima unasema mzee amekalia ngozi, kumbe mzee amekalia ndugu yake reksini.

Vita na Idi Amin vya 1978 na 1979 vilipokwisha, nchi haikuwa na fedha za kigeni. Mafuta yakawa ya kutafuta kwa tochi, na magari binafsi yakapigwa marufuku barabarani Jumapili kuanzia saa nane mchana. Gari jipya lilikuwa ndoto, kwa hiyo lililopo lilitengenezwa, likatengenezwa tena. Hapo fundi siti akawa mtu muhimu mjini. Peugeot iliyochanika siti haikutupwa, ilivishwa upya kwa chochote kilichopatikana. Daladala ziliporuhusiwa mwaka 1983 nazo zikaleta kazi: siti inayokaliwa na mamia kwa siku inataka kitu cha kufutwa kwa kitambaa chenye maji.

Ajabu ni kwamba nchi yenyewe imejaa ng'ombe. Ngozi zilikuwepo, viwanda vya kuzisindika vikajengwa Moshi, Mwanza na Morogoro. Morogoro kikawepo pia kiwanda cha viatu kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kikubwa hasa, chenye kuta za aluminiamu na kisichopitisha hewa, katika joto lile! Hakikuwahi kufika hata asilimia 5 ya uwezo wake, na mwaka 1990 kikafungwa. Wanaocheka kwamba Wabongo wanafuga ng'ombe halafu wanakalia plastiki ya kuagiza waanzie hapo, wasianzie kwa fundi wa Kariakoo.

Mwaka 1984 serikali iliruhusu mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa. Mlango ukafunguka, na zama za Ruksa zikaupanua. Magari yaliyotumika ya Japani yakaja kwa meli, usukani upande wetu, bei inayofikika. Tatizo moja: Wajapani wanapenda kitambaa. Hata teksi zao huvishwa vitambaa vyeupe vya lesi. Kwa hiyo IST, Mark II na Noah nyingi zilifika bandarini na siti za kitambaa, kwenye mji ambao tayari uliamini kwamba bosi anakaa kwenye ngozi. Pengo hilo ndilo linalowalisha mafundi mpaka leo, kuanzia Mchafukoge na Gerezani hadi Ilala. Harrier "tako la nyani" inaingia asubuhi na siti za kijivu, jioni inatoka na leza nyekundu, na mwenyewe anapiga picha kabla hajalipa salio.

Leza, siyo ngozi. Muuzaji atawasha kiberiti kuonyesha kwamba haiungui, au atadondosha tone la maji. Vyote viwili ni maigizo. Ngozi ya kisasa ya gari hupakwa rangi na utando wa kuilinda, kwa hiyo maji yatateleza juu yake sawa na kwenye plastiki. Mteja ageuze kipande aangalie mgongo wake: ngozi ina manyoya laini, feki ina kitambaa kilichofumwa. Hata gari lililokuja na "ngozi" ya kiwandani, mara nyingi ngozi ipo pale panapokaliwa tu, pembeni na nyuma ni plastiki. Leza yenyewe si aibu, ila ya bei chee kwa unyevu wa Dar huanza kumenyeka kama mgongo wa mtu aliyeungua jua.

Lipo jambo ambalo halionekani kwenye picha na ndilo la hatari. Magari mengi ya miaka hii yana mifuko ya hewa ubavuni mwa siti za mbele. Kuna kitambulisho kidogo kimeandikwa SRS AIRBAG. Gari likigongwa ubavu, mfuko unatakiwa kupasua mshono na kutoka kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Fundi akiziba pale kwa leza nene na uzi wa nailoni mara mbili, mfuko unabaki ndani au unatokea pasipotakiwa. Fundi anayejua kazi huacha pale wazi, au hushona kwa uzi mwepesi uliotengenezwa kukatika. Asiyejua swali hilo likiulizwa, apewe makochi ya sebuleni.

Jina la Mchafukoge wengi hulisikia kama amri: mchafu, kaoge. Siti nazo zinaogeshwa, ila vibaya. Sabuni ya unga na Jik hula ule utando wa juu, vitakasa mikono vya spiriti vilevile. Mafuta ya nazi yanang'arisha siku mbili, kisha yanavuta vumbi na kunata. Kinachofanya kazi ni kitu cha kuchosha kidogo tu: kufyonza mchanga kwanza, sabuni laini kwenye maji kidogo, kitambaa kilichokamuliwa, kukausha kivulini, na krimu ya ngozi kila baada ya miezi miwili au mitatu kama ni ngozi kweli. Leza haiinywi krimu hiyo, yenyewe inataka kivuli. Kipande cha kukinga jua kwenye kioo cha mbele kina faida kuliko chupa zote za dukani. Na jinzi mpya nyeusi kutoka Kongo isikalishwe kwenye siti ya maziwa kabla haijafuliwa.

Pa kwanza kuchakaa ni ukingo wa siti ya dereva, upande wa mlango, kwa sababu ya kuingia na kutoka. Madalali wanaujua vizuri. Gari linaloandika kilomita 60,000 huku ukingo ule umechanika au umevishwa upya peke yake, huenda dashibodi hiyo imechezewa.