Gia za Wazee

Baiskeli za mbio za mtumba zinazofika Arusha huja zimechanganyika umri. Katika shehena moja utakuta fremu ya chuma ya miaka ya 1970 imelaliwa na ya alumini ya mwaka 2005, na pembeni kuna ya kaboni ambayo mwenyewe kule Ulaya aliichoka kabla hata tairi hazijaisha. Wauzaji huzipanga kwa rangi na kwa jina lililoandikwa ubavuni. Mimi ni fundi, nazipanga kwa miaka. Mtu aliyezoea kuendesha hadi sokoni tu, sasa anataka awe anakwenda Moshi kila Jumapili, akiniomba nimchagulie baiskeli, nauliza kwanza imetengenezwa lini. Jina na bei vitafuata.

Umri wa baiskeli unasomeka bila karatasi. Waya za breki zikichomoza juu ya mikono ya breki na kupinda hewani, hiyo kwa kawaida ni ya kabla ya katikati ya miaka ya 1980. Vijiti vya gia vikiwa kwenye bomba la fremu, chini karibu na magoti, jua ni ya kabla ya miaka ya 1990 au mwanzoni mwake, kwa sababu mwaka 1990 ndipo Wajapani wa Shimano walipohamishia gia ndani ya mikono ya breki. Sproketi za nyuma zikiwa tano au sita, ni ya zamani sana. Zikiwa saba, ni ya mwishoni mwa miaka ya 1980. Ukifika tisa, kumi, kumi na moja, unapanda ngazi kuja kwenye siku zetu. Na kila alama kati ya hizo ni ubishi uliowahi kuwagawa watu wa mchezo huu, wakatukanana magazetini, kisha barabara ikaamua nani yuko sahihi. Anayenunua baiskeli ya mbio bila kuujua ubishi huo huishia kununua upande ulioshindwa.

Ubishi mkubwa kuliko yote ulikuwa wa gia.

Tour de France ya kwanza ilifanyika mwaka 1903. Ilikuwa na hatua sita tu, jumla ya kilomita 2,428, na mshindi wake, Maurice Garin, alizimaliza kwa baiskeli ya gia moja. Mwandalizi alikuwa Henri Desgrange, mhariri wa gazeti la L'Auto, mtu mkali aliyeamini kwamba mchezo ni misuli na si mitambo. Tangu mwaka 1902 alikuwa ameshaandika kwamba gia za kubadilisha ni za watu waliovuka miaka 45. Mwaka 1910 aliipeleka Tour kwenye milima mirefu ya Pyrenees, mwaka uliofuata akaipeleka Alps, na kanuni yake hakuilegeza. Basi wale wanaume wakifika chini ya mlima walishuka, wakalegeza nati kwa vidole vilivyokufa ganzi kwa baridi, wakalichomoa gurudumu la nyuma na kuligeuza. Upande mmoja lilikuwa na sproketi ndogo ya tambarare, upande wa pili sproketi kubwa ya kupandia. Wakifika kileleni, wanashuka tena na kuligeuza tena. Mwitaliano Tullio Campagnolo, aliyekuwa mkimbiaji mwenyewe, alitengeneza kijiti cha kufungulia gurudumu kwa mkono mmoja bila spana. Kijiti hicho bado kipo kwenye nusu ya baiskeli ninazozirekebisha.

Wakati huo huo, katika mji wa Saint-Étienne, mhariri mwingine aitwaye Paul de Vivie alikuwa akisema kinyume kabisa. Wasomaji wa jarida lake walimjua kwa jina la Vélocio. Alipanda milima kwa baiskeli za gia nyingi za kila aina, akaandika, akabishana, akaalika watu waje wajionee. Alifariki mwaka 1930 bila kuiona Tour ikikubali. Desgrange aliugua na kukabidhi uongozi mwaka 1936. Mwaka 1937 gia za kuhamisha cheni zikaruhusiwa, na Roger Lapébie akashinda kwa kuzitumia. Hesabu mwenyewe: tangu Tour ya kwanza ilipita miaka 34 kabla gia hizo hazijaruhusiwa, kwa sababu ya fahari ya mtu mmoja.

Nayaeleza haya kwa urefu kwa sababu fahari hiyo naikuta kwenye karakana yangu kila wiki. Kijana anaitazama baiskeli yenye sproketi kubwa ya nyuma, anakunja uso: "Fundi, hizi si gia za wazee?" Hajawahi kumsikia Desgrange, lakini hukumu ni ile ile.

Kwetu fahari hiyo ina mizizi yake, nami naiheshimu. Tumekulia kwenye Phoenix ya Shanghai, kwenye Avon na Hero za India, na kabla ya hapo Raleigh ya Nottingham ambayo wazee wetu waliinunua kwa pesa ya pamba au kahawa. Zote za gia moja, zote za chuma kizito, na juu yake gunia la mkaa au mke na mtoto. Kanda ya Ziwa hadi leo kuna wanaume wanaokimbia mbio ndefu kwa Phoenix ya kawaida iliyovuliwa keria na madigadi, na miguu yao ni ya kuvuliwa kofia. Mtu aliyelelewa hivyo huamini kwamba kulegeza gia ni kukiri udhaifu. Lakini yule wa Phoenix hana la kuchagua. Wewe unayechagua, fanya hesabu.

Baiskeli ya mbio ya miaka ya 1990 mara nyingi huwa na meno 53 na 39 mbele, na sproketi kubwa ya nyuma ina meno 23. Gurudumu likizunguka mara moja linakwenda kama mita 2.1. Ukiweka 39 mbele na 23 nyuma, pedali ikizunguka mara moja unasogea mita 3.6 hivi. Ukizungusha mara 60 kwa dakika, tayari unakwenda karibu kilomita 13 kwa saa. Kupanda kutoka Himo hadi lango la Marangu kwa mwendo huo ni kazi ya mtu aliyelelewa kwenye mchezo. Wengine watashindwa kuizungusha pedali, watasimama juu yake, watayumba barabarani mbele ya Noah zilizojaa abiria, na magoti yatauma mwezi mzima. Sasa chukua baiskeli ya miaka ya karibuni, yenye 50 na 34 mbele, na nyuma imefika 34. Pedali moja, mita 2.1. Kwa mizunguko ile ile 60, unakwenda kilomita saba na nusu kwa saa, umekaa, unapumua, unaongea na mwenzako. Mabadiliko hayo yalienea katika miaka 20 hivi iliyopita, na kwa mtu anayeanza nayathamini kuliko kaboni yote ya dunia.

Tairi nalo lina kisa chake. Wakimbiaji wa zamani walipita njia za vumbi na kokoto, na tairi zao zilikuwa pana. Lami ilivyoenea Ulaya, tairi zikasinyaa, hadi miaka ya 1980 na 1990 watu wakawa wanakimbilia upana wa milimita 20 au 23 zilizojazwa upepo zikawa ngumu kama jiwe, wakiamini kwamba chembamba na kigumu ndicho chepesi. Kwenye chumba cha kupimia, juu ya chuma laini, ni kweli. Kwenye lami halisi yenye chembechembe, tairi gumu hukurusha juu na chini, na nguvu iliyopaswa kukupeleka mbele inaishia mwilini mwako. Leo wakimbiaji wakubwa wanatumia milimita 28 na zaidi. Kwetu, ambako lami ya kuelekea Makuyuni ina viraka na barabara ya Moshi ina matuta kila penye kijiji, jambo hili ni kubwa. Kwa hiyo nikishika fremu, napitisha kidole kati ya tairi na foki, na kati ya tairi na breki. Fremu nyingi za miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, zile zinazong'aa kuliko zote kwenye kontena, hazina nafasi ya zaidi ya milimita 25. Hizo namwambia mteja aziache.

Na tahadhari moja ya fundi: tairi la Phoenix la inchi 28 kwa moja na nusu hukaa kwenye ringi ya milimita 635. Raleigh nyingi za michezo za zamani zilitumia ringi ya inchi 27, ambayo ni 630. Baiskeli za mbio za sasa ni 622. Kwa macho zinafanana kabisa. Nimeona watu wakihangaika nusu siku kuingiza lisiloingia, na mwenye duka anaapa kwamba ni saizi moja. Soma namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi.

Kuhusu fremu yenyewe, kisa ninachokipenda ni cha Eugène Christophe. Mwaka 1913, akiwa kwenye nafasi nzuri ya kuishinda Tour, foki yake ilikatika akiteremka mlima Tourmalet. Kanuni za Desgrange zilimtaka mkimbiaji ajitengenezee mwenyewe bila msaada wa mtu. Aliibeba baiskeli begani, akatembea zaidi ya kilomita kumi hadi kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan, akaingia kwenye karakana ya mhunzi na kuifua foki yake kwa mikono yake, wasimamizi wamesimama wanamtazama. Kijana mmoja alimvutia mivukuto. Kwa kosa hilo akaongezewa dakika za adhabu. Tour ilikuwa imeshampotea, lakini aliimaliza.

Christophe aliweza kwa sababu foki ilikuwa ya chuma. Chuma kikikatika njiani Boma Ng'ombe, fundi wa kuchomelea magari atakiunganisha ufike nyumbani. Chuma kizuri, kama Reynolds 531 iliyotoka Birmingham mwaka 1935, ni chembamba na chepesi, na fremu zake bado zinafika kwenye makontena. Ukikuta ambayo haijaliwa na kutu, ichukue. Alumini ikikatika, wachache wanaiweza. Kaboni ilipata sifa mwaka 1986, Greg LeMond aliposhinda Tour nayo, na ni kitu kizuri sana ikiwa mpya. Ya mtumba siiamini, kwa maana ufa wake unaweza kujificha chini ya rangi, na haitoi onyo kabla ya kuvunjika. Tangu mwaka 2000 chama cha mchezo duniani, UCI, kimezuia baiskeli ya mashindano kuwa chini ya kilo 6.8. Kwa anayeanza, kilo moja anayoikimbiza kwa mamilioni ni uzito wa lita moja ya maji aliyoibeba kwenye chupa.

Saizi naipitia haraka, ingawa ndiyo inayowaumiza watu mgongo. Zamani kila mkimbiaji alipimwa na fremu zilitoka kwa kila sentimita. Mwaka 1997 Mike Burrows aliichorea kampuni ya Giant fremu yenye bomba la juu lililoinama, na saizi chache zikatosha watu wengi. Tangu hapo namba ya bomba la kiti imepoteza maana. Pima urefu kutoka kiti hadi usukani, mkalishe mtu, atazame mbele. Akinyoosha mikono hadi viwiko vikakaza, baiskeli si yake.

Septemba 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yalifika Afrika kwa mara ya kwanza, pale Kigali. Wanaume walikimbia kilomita 267.5 na kupanda jumla ya zaidi ya mita 5,000, na Tadej Pogačar akashinda. Vijana wa Arusha walitazama kwenye simu zao, na wiki zilizofuata karakana ilijaa. Niliwaambia waangalie sproketi za nyuma za wale mabingwa.

Ubishi ambao kwangu haujaamuliwa ni wa breki za diski. UCI ilizikubali rasmi kwenye mbio za barabarani mwaka 2018, na baiskeli mpya karibu zote sasa zinakuja nazo. Ukiteremka Marangu kwenye mvua za masika, zinashika kuliko mpira unaobana ringi iliyolowa, hilo sina hoja nalo. Lakini pedi zake bado naziagiza Nairobi, na mafuta yake yakivuja ukiwa Longido hakuna wa kukusaidia, ilhali mpira wa breki ya ringi unauzwa hadi kwenye duka la sabuni. Kwa sasa, anayeniuliza namchagulia breki za ringi.